Mswada wa Sandukuni

Juma lililopita tulikuwa tukitafuta hati ya kiwanja. Tukalivuta sanduku la mbao kutoka mvunguni mwa kitanda, na badala ya hati tukakutana na madaftari 7 yaliyofungwa kwa kamba ya makumbi.

Ni riwaya tuliyoiandika tukiwa na umri wa miaka 27, usiku baada ya darsa, kwa mwanga wa kandili. Tuliipeleka mara moja tu kwa mchapishaji. Ikarudi na barua ya mistari 3, nasi tukaifungia sandukuni pamoja na hamu yetu. Mchwa wameonja pembe za daftari la nne. Mengine ni salama.

Ilivyosadifu, tangu mfungo sita tulikuwa tukihangaika na riwaya mpya. Kurasa 12, wala hapana mhusika hata mmoja aliyevuta pumzi. Tukaketi kuyasoma madaftari bila kushika kalamu. Lugha, tunakiri, imetiwa mapambo kama bibi harusi, na hapana ukurasa usio na mwezi mpevu. Lakini watu wake wako hai.

Tatizo ni mzee mmoja, nahodha wa jahazi, anayemnyima mwanawe ruhusa ya kwenda kusoma ng'ambo. Tulimchora kwa hasira, tusimpe hata neno moja jema. Jamaa zetu wangemtambua papo hapo, kwani ni baba yetu, ila yeye alikuwa fundi cherehani. Sasa ni marehemu, nasi tuna wana tuliokwisha kuwakataza mambo.

Tulimsomea Mama Watoto sura ya tano. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na nauli, huyu mzee angeitoa wapi?"

Swali hilo hatukuwahi kujiuliza.

Harper Lee wa Marekani alipeleka mswada wake mwaka 1957. Mhariri wake, Tay Hohoff, akamrudisha kazini, naye akauandika upya hata kikatoka kitabu kiitwacho To Kill a Mockingbird, mwaka 1960. Ule wa awali ulipochapishwa mwaka 2015, wasomaji walishtuka: baba waliyemjua kuwa mtetezi wa haki alikuwa humo na chuki za rangi. Sisi hatukusudii kumfanya nahodha walii. Ukali wake ulikuwa kweli, na utabaki. Twataka tu apewe haki ya kusema.

Wako watakaouliza, mswada mkuukuu nani ataupokea? Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada isiyochapishwa. Msomaji wa tuzo hauoni ukuukuu wa daftari. Aonacho ni maandishi yaliyopigwa chapa.

Zile kurasa 12 tumeziweka kando. Sura ya tano imeanza upya: ni usiku, nahodha anahesabu fedha mara ya tatu, naye kijana chumba cha pili amejifanya amelala.