Vumbi Lisiloonekana la Mererani

Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa vito vya tanzanaiti, anayepanda kutoka chini ya ardhi huko Mererani hutoka mweusi tii, utosini hadi nyayoni, meno na macho tu ndiyo yanayong'aa. Weusi ule ni kinywe, madini laini ya kaboni yanayojaa kwenye miamba inayohifadhi tanzanaiti. Akikoga kwa maji na sabuni, kinywe kinamtoka. Kinachobaki ni kile alichokivuta hadi ndani kabisa ya mapafu, kitu kisicho na harufu wala kisichoonekana kwa macho. Hicho ndicho kinachowafanya baadhi ya wachimbaji kupanda barabara ya Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu, kutafuta tiba katika hospitali ya Kibong'oto iliyopo upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro.

Kitu chenyewe ni silika ya fuwele, madini yaliyomo kwenye mchanga na kwenye miamba mingi duniani. Ikitulia ndani ya jiwe haina madhara. Ikichorongwa, ikipigwa baruti na kusagwa, hugeuka vumbi jepesi linaloelea hewani kwa saa nyingi. Chembe za hatari zaidi ni zile zenye upana wa chini ya mikromita 5, wakati unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi. Pua haizinasi, na kikohozi hakizitoi.

Mererani iko wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara, kusini mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Tanzanaiti ilijulikana hapo mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina lililoitangaza dunia nzima. Hadi leo hakuna sehemu nyingine inakochimbwa kibiashara. Eneo liligawanywa vitalu vinne, A hadi D, na vijana wengi kutoka Moshi, Arusha na mikoa mingine wamepita humo wakifuata mshipa wa mawe ya bluu kwenye mashimo yenye kina cha mamia ya mita.

Ajali za Mererani zinajulikana. Aprili 1998 mafuriko yaliingia migodini na kuua makumi ya watu. Juni 2002 wachimbaji wapatao 40 walikufa kwa kukosa hewa safi. Machi 2008 mvua kubwa ilijaza tena mashimo, na miili ikatolewa kwa siku kadhaa. Kila mkasa ulipata vichwa vya habari, viongozi wakafika na ahadi zikatolewa. Vumbi halina tarehe ya mkasa. Anayelivuta leo huenda akaanza kuishiwa pumzi baada ya miaka kumi au zaidi, akiwa ameshaacha mgodi na kurudi kijijini kwao, ambako hakuna anayeuliza alifanya kazi gani ujanani.

Ndiyo maana kipimo kimoja kilichochapishwa mwaka 2003 kina uzito wa pekee. Magne Bråtveit na Bente Moen wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, wakishirikiana na Watanzania akiwemo Yohana Mashalla, waliwafunga wachimbaji wa mgodi mmoja pampu ndogo kiunoni. Mrija ulipanda kutoka kwenye pampu hadi kwenye ukosi wa shati, karibu na pua, na mwisho wake uliwekwa kichujio kilichonasa vumbi ambalo mtu angelivuta. Pampu iliwashwa mchimbaji anapojiandaa kushuka, ikazimwa anapotokeza tena juu, saa 5 hadi 8 baadaye.

Siku walipochoronga, kulipua na kupakia kwa sepetu, kiwango cha kati cha silika inayofika mapafuni kilikuwa miligramu 2.4 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini ni miligramu 0.05. Mwanaapolo alikuwa anavuta karibu mara 50 ya kiwango hicho. Hata siku ambazo hakuna aliyechoronga, kazi ikiwa ni kupakia tu na kujaza viroba, kipimo kilisoma miligramu 1.1.

Utafiti ule ulikuwa wa majaribio: sampuli 15 za vumbi laini, siku tatu, mgodi mmoja. Lakini ulifumbua jambo ambalo macho yasingeliona. Katika vumbi lile, sehemu inayoweza kuungua, ambayo ni dalili ya kinywe, ilikuwa asilimia 5.5 tu. Silika ilikuwa asilimia 14.2. Weusi unaowatambulisha wanaapolo ulikuwa sehemu ndogo ya tatizo.

Wachimbaji wa makaa ya mawe walifundishwa jambo hilohilo kwa gharama kubwa. Kwa muda mrefu ugonjwa wao wa mapafu ulihesabiwa kuwa ni wa vumbi jeusi la makaa. Kisha, katika miaka ya hivi karibuni, madaktari wa milima ya Appalachia nchini Marekani wakaanza kuona ugonjwa mkali ukiwashika hata wenye umri mdogo, wakati ulidhaniwa kuwa umedhibitiwa. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye miamba. Matabaka manene ya makaa yalishachimbwa, na mashine zikawa zinakata matabaka membamba pamoja na mawe yanayoyazunguka, mawe yenye silika. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa migodi nchini humo ilitangaza kanuni ya kushusha kiwango cha silika hadi miligramu 0.05, ingawa mvutano wa mahakamani ukachelewesha utekelezaji wake mwaka uliofuata. Kwa Tanzania, yenye makaa ya mawe Kiwira na Ngaka, hilo si jambo la kusoma na kusahau.

Chembe ya silika ikifika kwenye vifuko vya hewa, seli za ulinzi huimeza kama zinavyomeza bakteria. Bakteria huyeyushwa, silika haiyeyuki. Seli iliyoimeza hufa, huitema chembe ileile pamoja na kemikali zinazoamsha uvimbe, na seli nyingine huja kuimeza upya. Mzunguko huo ukijirudia, makovu magumu hujengeka na mapafu hupoteza uwezo wa kutanuka. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi.

Balaa la pili ni kifua kikuu. Seli zinazouawa na silika ndizo zinazotegemewa kupambana na bakteria wa ugonjwa huo, hivyo mwenye silikosisi yuko kwenye hatari ya kuugua kifua kikuu takribani mara tatu zaidi ya asiye nayo. Akiwa na VVU, hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kambi za machimbo zenye vyumba vilivyobanana humaliza kazi iliyoanzwa shimoni.

Kibong'oto iko mahali pake kwa habari hii. Ilianza mwaka 1926 ikiwa kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 2009 ikaanza kutibu kifua kikuu sugu. Watafiti wake wamewachunguza wachimbaji wa Mererani na kukuta waliobeba magonjwa yote mawili. Kuyatenganisha si kazi nyepesi. Kwenye picha ya eksirei, silikosisi huonekana kama vidoa vidogo vya mviringo vilivyotapakaa hasa sehemu ya juu ya mapafu, na kifua kikuu nacho hupenda sehemu hiyohiyo. Wagonjwa wa magonjwa yote mawili hukohoa, hukonda na huchoka. Kipimo cha jeni cha makohozi hutoa jibu la kifua kikuu kwa takribani saa mbili, lakini daktari asiyeuliza historia ya kazi anaweza kumpa mgonjwa wa silikosisi dozi ya kifua kikuu, na nyingine tena, bila kumsaidia.

Tiba halisi iko chini ya ardhi, na imejulikana kwa zaidi ya karne. Mwaka 1897 John George Leyner wa Denver alitengeneza mashine ya kuchoronga yenye chuma chenye tundu katikati, ikipuliza hewa kusafisha shimo. Ilitimua vumbi kiasi cha wachimbaji kuikataa. Leyner akaibadili ipitishe maji tunduni, vumbi likageuka tope palepale kwenye ncha ya chuma. Walioipuuza njia hiyo walivuna mauti: kwenye handaki la Hawks Nest, West Virginia, lililochimbwa bila maji kuanzia 1930 kwenye mwamba uliojaa silika, walikufa mamia ya vibarua, wengi wao Wamarekani weusi.

Mererani, maji yenyewe ni shida. Simanjiro ni nchi kavu, na kuyashusha mamia ya mita chini kunahitaji mabomba na mafuta ambayo mwenye mgodi mdogo huyahesabu kama hasara. Kompresa ileile inayoendesha mashine ndiyo inayopeleka hewa shimoni. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo, na barakoa sahihi isipokaa barabara usoni hupitisha vumbi pembeni.

Fidia nayo ina pengo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza 2015 hutegemea michango ya mwajiri, ilhali wanaapolo wengi hawalipwi mshahara. Hula chakula cha mwenye mgodi na kusubiri mgao jiwe likipatikana.

Hata hivyo Mererani ina kitu ambacho machimbo mengi ya Afrika hayana. Ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018 umevizunguka vitalu vyote, na watu hupita langoni wakikaguliwa ili mawe yasitoroshwe. Langoni hapo inawezekana pia kuandikisha kila anayeingia, miaka aliyokaa shimoni na kazi anayofanya. La kuanzia halina gharama kubwa: picha ya kifua siku mchimbaji anaposhuka kwa mara ya kwanza, ili ile ya mwaka wa tano iwe na ya kulinganishwa nayo.