Kazi ya kutunza vyombo vya pumzi, angani na chini ya ardhi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pale Buluo pamoja na watoto: ukipanda ndege uwanja wa Luano, Lubumbashi, utaona mhudumu anasimama katikati ya viti kabla ya kuruka. Anaonyesha maski ya kupumulia na jaketi la kuokolea. Abiria wengi wanatazama dirishani. Hata anayemtazama anafikiri vitu hivyo vimo tu ndani ya ndege, kama viti na mazulia. Sivyo. Kuna mtu aliyevipima, akasoma tarehe zake, akavikunja, akatia sahihi. Mtu huyo hasafiri pamoja nanyi. Kazi yake ikiwa nzuri, hakuna abiria atakayejua kama yupo.

Tunakueleza habari zake leo kwa sababu kazi yake ni ndugu ya kazi unayoijua wewe: kazi ya fundi wa lampisteri, pale unapochukua taa yako na kopo la kujiokoa la kufunga kiunoni kabla ya kushuka. Tena ni kazi ambayo kijana wako, wa kiume au wa kike, anaweza kujifunza.

PUMZI INAPOPUNGUA

Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Huko juu ndege inakopita sehemu hizo ni zile zile 21, lakini hewa yenyewe imekuwa nyepesi, haina nguvu ya kuingiza oksijeni katika damu. Chini ya ardhi mambo ni mengine. Hewa ni nzito ya kutosha, lakini gazi nyingine imechukua nafasi ya oksijeni, au moshi wa baruti na wa mashini iliyoshika moto umeleta ile gazi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo.

Njia ni mbili, kifo ni kimoja. Mtaalamu mmoja Mwingereza, John Scott Haldane, alizichunguza zote mbili. Mwaka 1896 alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wachimba makaa wengi waliokufa baada ya mlipuko hawakuuawa na mlipuko wenyewe bali na gazi ile. Mwaka 1911 alipanda pamoja na wenzake juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, kuangalia mwili unavyofanya mahali hewa ilipo nyepesi. Kwa hiyo elimu ya pumzi ya mchimbaji na elimu ya pumzi ya rubani zilitoka mikononi mwa watu wale wale. Hata kiwanda cha Dräger cha Ujerumani, ambacho vyombo vyake vilijulikana sana kwa waokoaji wa migodi baada ya msiba wa Courrières, Ufaransa, wa mwaka 1906 uliowaua watu 1,099, kilitengeneza pia vyombo vya oksijeni vya marubani.

Sasa sikiliza vizuri jambo hili. Mtu anayekosa oksijeni hajisikii vibaya. Hashiki koo kama mtu anayezama. Anajiona mzima, wengine hata wanacheka, halafu mikono inakataa, halafu analala. Katika ndege iliyo mita 10,500 hewa ikitoka ghafla, una nusu dakika mpaka dakika moja tu ya kuwa na akili zako. Ndiyo maana mhudumu anasema: vaa maski yako kwanza, kisha mvalishe mtoto. Mama nyingi hazipendi neno hilo. Lakini mama aliyezimia hawezi kumvalisha mtu.

Na ndiyo maana kapita anakukataza kumfuata mwenzako aliyeanguka ndani ya tangi au shimo lisilo na hewa kama hujavaa chombo cha kupumulia. Mara nyingi maiti ya pili ni ya yule aliyekimbia kusaidia. Nyumbani ni hivyo hivyo kwa kisima na shimo la choo. Na mbabula ya makala isiingizwe chumba cha kulala usiku wa baridi wa mwezi wa sita, mlango umefungwa. Gazi inayotoka katika mbabula ni ile ile ya chini ya ardhi.

KAZI YENYEWE

Fundi wa vyombo vya kuokoa maisha katika ndege anafanya nini mchana kutwa? Kusema kweli, sehemu kubwa ni kusoma tarehe na kupima. Anatoa jaketi la kuokolea katika mfuko wake, analijaza hewa, analiacha saa nyingi ili aone kama linavuja. Kichupa kidogo cha gazi kinacholijaza anakiweka kwenye mizani, kwa maana macho hayawezi kukuambia kama kimejaa au kimekwisha, uzito unakuambia. Anaangalia mashua ya mpira, maski za marubani, chupa za oksijeni, mishipi. Katika jeshi anaongeza parashuti na kofia za marubani, na viti vinavyomrusha rubani nje kwa nguvu ya baruti. Anayeshika viti hivyo ni lazima afundishwe baruti, kama mlipuaji wetu wa mgodi.

Parashuti inakunjwa juu ya meza ndefu katika chumba safi, hatua kwa hatua, na vifaa vinahesabiwa kabla na baada. Marekani, parashuti ya akiba iliyoshonwa kwa nailoni hairuhusiwi kukaa zaidi ya siku 180 bila kufunguliwa na kukunjwa upya, hata kama haikuguswa na mtu. Katika vita ya pili ya dunia, Waingereza waliwapa wanawake wengi kazi hii, na maelfu ya marubani walitegemea mikono yao. Mzee anayesema kwamba ufundi wa ndege si wa mabinti, mwambie habari hii.

Kuna amri moja ambayo fundi huyu anafundishwa siku ya kwanza, na wewe unayechomelea vyuma umekwisha kuisikia: mafuta na oksijeni havikai pamoja. Ukishika kilango cha chupa ya oksijeni kwa mkono wenye grisi, grisi hiyo inaweza kuwaka yenyewe. Wala usitumie oksijeni kupuliza vumbi katika nguo zako. Nguo zinainywa gazi hiyo, na cheche moja inakufanya mwenge.

MISIBA MITATU

Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa nyara. Mafuta yakaisha, ikaangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Ndani walikuwamo watu 175, wakafa 125. Majaketi yalikuwapo, tena mazima. Lakini abiria wengi waliyajaza hewa wangali ndani ya ndege. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua mpaka darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Jaketi linajazwa ukishatoka nje, si kabla. Chombo kizima kikitumiwa vibaya kinaua.

Msiba wa pili ni wa Marekani, tarehe 11 Mei mwaka ule ule. Lazima ujue kwanza kwamba katika ndege nyingi oksijeni ya abiria haitoki katika chupa. Juu ya kiti kuna kopo lenye dawa. Ukivuta maski, dawa inaanza kuwaka polepole na kutoa oksijeni kwa muda wa kama robo saa, ili rubani apate kushuka mahali pa hewa nzito. Kopo hilo likifanya kazi linakuwa la moto sana. Mafundi waliondoa makopo yaliyopita tarehe katika ndege fulani, hawakuyatia vifuniko vya usalama, na yakapakiwa kama mzigo katika ndege ya kampuni ya ValuJet na karatasi iliyosema ni matupu. Hayakuwa matupu. Moto uliwaka ndani ya shehena, ndege ikaanguka katika mabwawa ya Florida, watu wote 110 wakafa. Vifuniko vile vilikuwa vya plastiki, vitu vya bei ndogo kabisa.

Wa tatu ni wa tarehe 14 Agosti 2005. Ndege ya kampuni ya Helios ilitoka Larnaca, Kipro, kwenda Athens. Baada ya matengenezo, kitufe kimoja cha hewa ya ndani kiliachwa mahali pasipo pake, na marubani hawakukiona. Walipopanda juu walizimia wangali wanashindana na kengele ambayo hawakuielewa. Maski za abiria zilishuka, zikatoa oksijeni yake, ikaisha, na ndege ikaendelea kuruka yenyewe mpaka mafuta yakaisha. Watu 121 walikufa.

KOPO LAKO LA KIUNONI

Usifikiri hayo ni mambo ya mbali. Kopo la kujiokoa la mchimbaji ni la aina mbili. Aina ya kwanza inachuja tu: ndani mna unga uitwao hopkaliti, unaogeuza ile gazi ya sumu kuwa gazi isiyo kali. Unga huo umetengenezwa kwa oksidi ya shaba na ya manganizi. Naam, shaba ile ile tunayoitoa udongoni. Hewa inayotoka inaunguza mdomo, na kadiri gazi ilivyo nyingi ndivyo joto linavyozidi. Mjinga anatupa kopo kwa sababu ya joto, na hapo hapo anakufa. Tena unga huo ukipata unyevu haufanyi kazi. Kopo lililobonyea au lililopasuka muhuri si kopo tena, lirudishe. Na kumbuka kwamba aina hii haitoi oksijeni: mahali isipokuwapo kabisa, haikusaidii.

Aina ya pili inatengeneza oksijeni kwa dawa, karibu kama lile kopo la ndege. Katika nyingi ni dawa ya potasiamu, ambayo ikikutana na maji au mafuta inawaka kwa ukali. Wazazi, angalieni hapa. Kopo la zamani lisitupwe jalalani wala kuuzwa kama chuma chakavu. Mtoto akilipata atalifungua kwa nyundo. Linarudi kwa anayelitunza, naye anajua la kufanya.

KIJANA AKITAKA KAZI HII

Tuseme ukweli: katika makampuni ya ndege ya kiraia nafasi ni chache, na mara nyingi hakuna anayeajiriwa kwa vyombo hivi peke yake. Mtu anasoma kwanza ufundi wa ndege, anapata leseni, ndipo anaingia karakana ya vyombo vya kuokoa. Jeshi la anga ndilo lenye mafundi wa kazi hii tu. Diploma ya Leta ya ufundi, au ya hesabu na fizikia, inafungua njia. Kemia isidharauliwe. Kiingereza ni lazima, maana vitabu vya ndege karibu vyote vimeandikwa kwa lugha hiyo, na fundi haruhusiwi kukisia maana ya neno. Macho yawe yanatofautisha rangi.

Shule za karibu ziko Addis Ababa, kwa kampuni ya ndege ya Ethiopia. Nairobi, katika shule ya usafiri wa anga ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam, katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Na Soroti, Uganda, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1971. Kabla hujatoa franka moja, uliza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yetu kama cheti cha shule hiyo kinakubaliwa. Wako wanaouza vyeti visivyofungua mlango wowote.

Lakini kijana asisubiri ndege. Aombe kuingia kikosi cha uokoaji cha mgodi, au lampisteri. Huko atajifunza kupima chupa, kusafisha maski, kujua kwamba ndevu zinazuia maski kushika uso, na kuandika daftari ambalo mtu mwingine anaweza kulisoma baada ya mwaka. Mwenye karakana ya ndege akiliona daftari la namna hiyo ataelewa mara moja mtu huyu anatoka wapi.

Na wewe mwenyewe, zamu ijayo, kabla ya kufunga kopo kiunoni, ligeuze usome tarehe iliyoandikwa. Ikiwa imepita, usishuke nalo. Mwambie fundi wa lampisteri akupe jingine, na aandike.