Kuchoma Vyungu Visipasuke

Chungu hupasuka motoni kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani ya udongo. Yafikapo digrii 100 za Sentigredi hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hukivunja chungu. Basi vyungu vianikwe kivulini hata vikauke. Kiwekeni shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Vipasheni kwanza kwa moto mdogo, ndipo mzidishe kuni. Yapata digrii 600 udongo hubadilika, wala haurudi kuwa tope. Chungu kisichofika hapo hulainika kitiwapo maji, na kazi yote imepotea. Vyombo vya kung'aa kama kioo kwa kawaida huhitaji digrii 1000 na zaidi, yaani tanuu. Msifukue majivu upesi: upepo huvipasua vyungu vya moto.