Usinunue pawa saplai ya kompyuta kabla ya kusoma lebo ya ile ya zamani

Kompyuta ya mezani ikizima ghafla na kukataa kuwaka tena, mshukiwa wa kwanza huwa ni pawa saplai. Ni kile kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kasha, chenye feni na mahali pa kuchomeka waya wa ukutani. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3 unaotumiwa na vyombo vya ndani. Chenyewe si ghali ukilinganisha na kompyuta nzima, lakini ukiweka kisichofaa kinaweza kuunguza vile vya ghali vilivyokuwa vimenusurika.

Nayaandika haya nikiwa Ngong, Kaunti ya Kajiado, ambako mimi mtoto wa Kisauni nimekuwa fundi wa kompyuta kwa miaka kadhaa sasa. Wateja wangu ni wenye saiba, walimu na wanafunzi wa vyuo. Juu ya Milima ya Ngong mitambo ya upepo ya KenGen inazunguka, megawati 25.5 kwa jumla, lakini umeme ule huingia katika gridi ya taifa. Stima ikipotea, sisi wa Ngong hukaa gizani kama nyinyi wa Kisauni. Na stima inaporudi kwa kishindo ndipo pawa saplai nyingi hufa.

Basi ndugu msomaji, iwe uko Ngong, Kitengela au Likoni, kabla ya kutoa pesa fungua kasha, tazama lebo ya ile iliyokufa, uipige picha. Halafu jiulize maswali manne.

Je, inakubali umeme wetu?

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Kwenye lebo tafuta neno INPUT. Ikiandikwa 100-240V au 200-240V, huna shida. Ikiandikwa 115V peke yake, iache dukani, ni ya Marekani.

Zipo pia za zamani zenye swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115 na mwingine 230. Hiyo lazima iwe kwenye 230 kabla hujachomeka waya. Ikiwa kwenye 115, sakiti ya ndani hulizidisha umeme mara mbili ikidhani umekuja mdogo, na vyombo vya kuhifadhi chaji hupasuka kwa mlio kama wa fataki.

Mama mmoja mwenye saiba hapa mjini alinunuliwa pawa saplai ya mtumba ya namna hiyo katika wiki ya mwisho ya Juni, wakati watu wamepanga foleni kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Aliyemfungia hakuitazama swichi. Mlio mmoja, moshi, na mashine ikakaa bure siku zile ambazo ndizo hasa za kupata riziki. Bahati yake ubao mkuu, ule tunaouita madabodi, ulipona.

Je, plagi ni zile zile, na waya zimepangwa vile vile?

Hapa ndipo wengi huponzwa. Kompyuta za kuungwaungwa hufuata utaratibu wa ATX, ulioanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Plagi yake kubwa ina pini 24, na nyingine ya pini 4 au 8 hulisha prosesa. Lakini mashine nyingi tunazotumia mitaani ni mitumba kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani, na watengenezaji wake wana mambo yao. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kubwa ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Baadhi ya Lenovo ThinkCentre zina ya pini 14. Hizo za Dell na HP hutoa volti 12 tu, kisha madabodi yenyewe ndiyo inayotengeneza volti 5 na 3.3. Ukienda dukani ukaomba pawa saplai bila kutaja modeli, utapewa ya pini 24 na utarudi nayo nyumbani bila faida.

Adapta za kubadilisha pini 24 ziwe 8, 6 au 14 zipo na zinafanya kazi, mradi ni za modeli yako hasa. Adapta ya Dell usiilazimishe kwenye HP.

Hatari kubwa zaidi ni plagi inayoingia vizuri kabisa huku waya za ndani zimepangwa tofauti. Dell walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990: umbo la plagi lilikuwa la ATX, mpangilio wa waya ukawa wao wenyewe. Siku hizi jambo hilo liko kwenye pawa saplai ambazo waya zake huchomolewa. Upande wa madabodi plagi hufanana, lakini upande wa kisanduku kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Ukichukua waya za kampuni moja ukazichomeka kwenye kisanduku cha kampuni nyingine, volti 12 zinaweza kwenda mahali pa volti 5, na diski yako na kila kilichomo zikaishia hapo. Ukibadilisha kisanduku, badilisha na waya zake.

Na kumbuka, plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi ya picha si moja. Soma maandishi yaliyo juu yake. Ikikataa kuingia, usiisukume.

Je, itaenea kwenye kasha?

Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Makasha membamba ya ofisini hayaipokei. Yanatumia zilizo ndogo au ndefu nyembamba, na matundu ya skrubu yako mahali pengine. Pima kwa rula, uandike.

Je, wati zinatosha?

Kuna dhana kwamba pawa saplai ya wati 500 itamaliza tokeni haraka kuliko ya wati 250. Si kweli. Zile wati ni kiwango cha juu inachoweza kutoa. Kompyuta huvuta inachohitaji tu, na ya ofisi kwa kawaida haifiki wati 100. Kwa hiyo kubwa haina madhara; ndogo kuliko mahitaji ndiyo yenye madhara.

Ila usiliamini lile tarakimu kubwa la ubavuni. Tazama mstari wa volti 12 kwenye lebo, uzidishe volti kwa ampea. Ikiandikwa 12V 16A, hizo ni wati 192, hata kama juu pameandikwa 500. Kwa mashine ya ofisi zinatosha. Kwa kijana anayetaka kuongeza kadi ya picha ya michezo inayokula wati 120 peke yake, atazimikiwa katikati ya mchezo.

Kuijaribu

Chomoa waya wa ukutani, ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache, ndipo ufungue kasha. Kisanduku chenyewe cha pawa saplai usikifungue kamwe. Ndani mna chaji inayobaki hata baada ya kuchomoa, nayo inaweza kuua.

Ile ya pini 24 unaweza kuiamsha nje ya mashine kwa kuunganisha pini ya waya wa kijani na ya waya mweusi kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, ujue imeamka, si kwamba ni nzima. Mwombe muuzaji alete mita. Volti 12 isomeke kati ya 11.4 na 12.6, na volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Ikitoka nje ya hapo, mrudishie.

Huku kwetu watu hupanda matatu ya 111 hadi Nairobi, wakaingia Luthuli, wakanunua kwa kutazama umbo. Nauli ya kurudi kubadilisha ni yako, na muuzaji wa mitumba mara nyingi atakwambia kikishachomekwa hakirudi. Kwa hiyo nenda na picha ya lebo, picha ya plagi zote, vipimo vya kisanduku na modeli ya mashine. Muuzaji aandike kwenye risiti kwamba amekuuzia kwa ajili ya modeli hiyo, na siku ngapi anakubali kukirudisha. Akikataa kuandika, maduka ni mengi. Jaribu la jirani.