Kifua cha Mama Chashinda Jiko

Mwezi wa Julai ufikapo, wakaaji wa Kibera na Kawangware huijua maana ya baridi. Mji wa Nairobi umekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na usiku wa mwezi huo joto hushuka mara nyingi hata karibu na digrii 12. Nyumba nyingi ni za mabati au za udongo. Upepo hupenya katika nyufa, na bati hupoa upesi jua likishatua. Mtu mzima hujifunika blanketi akanung'unika mpaka kukapambazuka. Mtoto aliyezaliwa jioni ile hawezi kunung'unika, na pengine alfajiri haimkuti.

Tumboni mwa mamaye mtoto aliishi katika joto la digrii 37 hivi. Azaliwapo hutoka amelowa, na maji yale yakaukapo huondoka na joto lake, kama vile mtu atokaye mtoni huona baridi hata juani. Tena ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake ni kikubwa kupita kiasi cha mwili. Aliyezaliwa kabla ya majuma 37 ana hatari zaidi, kwa kuwa hajapata mafuta ya kutosha ya kumtia joto.

Shirika la Afya Duniani lasema kwamba joto la mtoto mchanga liwe kati ya digrii 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, hutumia nguvu zake zote kujipasha joto, hata akakosa nguvu za kunyonya na kupumua vema.

Basi tufanyeje? Mara azaliwapo, apanguswe akauke, pamoja na kichwa chake. Kitambaa kilicholowa kiondolewe, alazwe juu ya kifua kitupu cha mamaye, wafunikwe wote wawili, avikwe kofia, na anyonyeshwe kabla ya saa moja kupita. Ile desturi ya kumwosha papo hapo ni ya usafi wala haina nia mbaya, lakini yafaa ingoje saa 24.

Wengi hukimbilia jiko la makaa. Ndugu msomaji, jihadhari! Makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo yaweza kuwaua mama na mtoto usingizini. Chupa za maji moto nazo huunguza ngozi changa.

Iko njia iliyo bora, isiyogharimu hata senti. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, Daktari Edgar Rey aliona kwamba mashine za kuwatia joto watoto hazitoshi, akawaagiza akina mama wawabebe vifuani kama kangaruu abebavyo mwanawe. Mtoto huvikwa kofia, soksi na nepi tu, akasimamishwa kati ya maziwa ya mamaye, uso umegeuzwa upande apate kupumua, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha akafungwa kwa leso na kufunikwa.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha faida yake. Katika kila watoto 100 wadogo mno waliobebwa hivyo tangu kuzaliwa, walikufa 12; katika wale waliongojewa kwanza wapate nafuu, walikufa karibu 16. Mwaka 2022 Shirika hilo likashauri watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au wenye uzani mdogo, wabebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Mama achokapo, baba naye ana kifua, na nyanya pia. Hilo si jambo la kumwaibisha mwanamume.

Asiye na kipimajoto na atumie mkono. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina moto, mtoto ameanza kuona baridi. Mbebe kifuani upesi. Nyayo na tumbo vyote vikiwa baridi, au akikataa kunyonya, au akilegea, hiyo ni hatari: mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi. Na njiani asifungwe katika blanketi peke yake. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka mikononi mwa daktari.