Shahidi wa miaka 13 na deni lisilolipika

Filamu ya ‘Atonement’ inaanza na neno moja la uongo katika nyumba ya matajiri na kufika hadi ufukwe wa Dunkirk. Ndani yake mna swali ambalo kila anayekopa na kukopesha analifahamu: utamlipa nani, mdai wako akishafariki?

Alfajiri, baada ya usiku mzima wa kuwatafuta mapacha waliotoroka nyumbani, kijana mmoja anatokea kwenye ukungu. Mtoto mmoja amembeba mabegani, mwingine anatembea pembeni yake. Amewapata wote wawili wakiwa wazima, na pengine anatarajia kuambiwa ahsante. Mbele ya nyumba wanamsubiri polisi.

Kijana huyo ni Robbie Turner, mtoto wa mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya familia tajiri ya Tallis, huko Uingereza. Mwaka ni 1935. Anatuhumiwa kumbaka msichana wa miaka 15 gizani, wakati watu wote walipokuwa nje wakiwatafuta watoto. Shahidi ni mmoja tu: Briony Tallis, binti wa mwisho wa familia hiyo, mwenye umri wa miaka 13. Anasema amemuona Robbie kwa macho yake mwenyewe.

Alichokiona ni mwanamume akikimbia gizani. Jina alilitia yeye.

Hicho ndicho kisa cha ‘Atonement’, filamu ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Joe Wright kutokana na riwaya ya Ian McEwan iliyochapishwa mwaka 2001. Jina lenyewe lina maana ya kulipia kosa. Ni filamu ya mapenzi, tena ni filamu ya vita, lakini anayeifuata hadi mwisho ataona kuwa zaidi ya yote ni hesabu ya deni: nani anadaiwa, anadaiwa nini, na kama bado kuna njia ya kulipa.

Bahasha iliyokosewa

Siku ya tukio ilikuwa ya joto kali. Briony, mtoto anayependa kutunga hadithi, amesimama dirishani anamuona dada yake Cecilia akiwa na Robbie kwenye chemchemi ya bustani. Wanashikana maneno. Cecilia anavua nguo za nje, anaingia majini na kutoka ameloa chapachapa. Kutoka juu, mtoto hasikii neno hata moja.

Filamu inaonyesha tukio hilo mara mbili: kwanza kama Briony alivyoliona, kisha kama lilivyotokea. Mara ya pili tunajua kuwa wawili hao walikuwa wakivutana juu ya chombo cha maua, kipande kikavunjika na kuangukia majini, na Cecilia akazama kukitafuta. Mtazamaji anapata nafasi ya kusahihisha alichodhani. Briony hakuipata nafasi hiyo, wala hakuitafuta.

Jioni Robbie anakaa na taipureta yake kuandika barua ya kuomba radhi. Anaandika, anachana, anaandika tena. Katikati ya majaribio hayo anapiga sentensi za faragha, za tamaa ya wazi, akicheka peke yake kwa kuwa hana nia ya kuzituma. Kisha anaandika barua ya adabu kwa mkono. Akiwa njiani kuelekea kwenye chakula cha jioni, anamwomba Briony atangulie na bahasha ampelekee dada yake. Mtoto anatoka mbio. Hapo ndipo Robbie anapogundua kuwa karatasi aliyoitia ndani siyo.

Anamwita, lakini amechelewa. Wanaosafirisha mizigo wanalijua jambo hili vizuri: karatasi ikishaondoka na gari lisilo lake, huirudishi kwa kupiga kelele barabarani. Tofauti ni kwamba mzigo wa Robbie ulikuwa heshima yake, na aliyeubeba aliifungua bahasha na kuusoma.

Baada ya barua, Briony anawafumania wapenzi hao kwenye maktaba ya nyumba. Hivyo giza linapoingia na uhalifu wa kweli unapotendeka, mtoto ameshakuwa na mkosaji wake kichwani. Hadithi imekamilika, imebaki kutaja jina.

Kwa nini waliaminishwa upesi

Swali gumu zaidi si kwa nini mtoto alisema uongo. Ni kwa nini watu wazima waliupokea bila kuupima.

Robbie hakuwa mgeni katika nyumba ile. Bwana Tallis ndiye aliyemlipia masomo hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, na kijana alikuwa na mpango wa kusomea udaktari. Lakini siku ya hukumu alirudi kuwa mtoto wa mfanyakazi wa ndani. Barua ile ilizungushwa mkono kwa mkono kama ushahidi, ingawa haikuthibitisha chochote kuhusu kilichotendeka nje. Mama yake, Grace, anaizuia gari la polisi na kuipiga kwa mwavuli akipaza sauti kwamba wote ni waongo. Anayesimama na Robbie mbali na mama yake ni Cecilia peke yake, ambaye baadaye anaikata kabisa familia yake.

Usiku ule nyumbani kulikuwa na mgeni mwingine, Paul Marshall, mwenye kiwanda cha chokoleti. Hoja yake ni biashara: vita vikija, chokoleti yake itaingia katika mfuko wa kila askari. Vita vilikuja, na utajiri wake ukaongezeka. Yeye ndiye aliyemdhuru msichana yule. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi, kwa sababu mtu wa hadhi yake haulizwi.

Filamu haiwaachi salama hata waliodhulumiwa. Inakuja kujulikana kwamba Cecilia na Robbie, kwa upande wao, walikuwa wakimshuku Danny, kijana mwingine wa kazi. Nao pia, walipotafuta mkosaji, macho yao yalikwenda kwa maskini.

Ufukweni Dunkirk

Robbie anatoka gerezani kwa sharti la kujiunga na jeshi. Anakutana na Cecilia, ambaye sasa ni muuguzi, kwa muda mfupi tu katika mkahawa wa chai jijini London. Wanagusana mikono juu ya meza. Halafu anavuka bahari kwenda Ufaransa.

Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliwabana Waingereza na Wafaransa hadi pwani ya kaskazini mwa Ufaransa. Kati ya Mei 26 na Juni 4, wanajeshi zaidi ya 338,000 waliokolewa kutoka Dunkirk kwa meli za kivita na mamia ya mashua za raia. Historia hukumbuka uokoaji huo kama muujiza. Wright anaonyesha upande wa pili, wa kusubiri.

Kwa takriban dakika tano kamera inatembea ufukweni bila kukatwa. Farasi wanapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Magari yanaharibiwa ili adui asiyapate. Kundi la askari wanaimba nyimbo za kanisani, wengine wamelewa, na nyuma yao bembea kubwa ya gurudumu inazunguka kana kwamba ni sikukuu. Kipande hicho kilipigwa mji wa Redcar, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kikiwa na watu wapatao 1,000 waliocheza nafasi za askari.

Vita hivyo havikuwa vya Ulaya peke yake. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliingia katika kikosi cha King’s African Rifles na kupelekwa Abyssinia, Madagascar na Burma. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kike. Ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Waliobaki nyumbani huku nao walikuwa na vita vyao, vya aina aliyokuwa nayo Cecilia: kungoja barua.

Mikono isiyotakata

Briony, sasa ana miaka 18, ameelewa alichokifanya. Anaacha masomo ya chuo kikuu na kwenda kuwa muuguzi wa mafunzo hospitalini London. Anasafisha vyombo vya wagonjwa, anasugua mikono yake kana kwamba kuna doa lisilotoka. Usiku mmoja anaketi na askari wa Kifaransa mwenye jeraha la kichwa, ambaye kwa kuchanganyikiwa anamdhania kuwa mchumba wake. Anamuuliza kama anampenda. Briony anajibu ndiyo, na askari anafariki. Ni uongo pia, lakini haumdhulumu mtu.

Kisha anahudhuria kimyakimya harusi ya Paul Marshall na yule msichana aliyedhulumiwa usiku ule. Ndoa hiyo inafunga mlango wa ukweli kutoka upande wa ndani. Kutoka kanisani Briony anakwenda Balham, kusini mwa London, kugonga mlango wa dada yake. Robbie yupo. Ana hasira za miaka mitano. Wawili hao hawataki machozi yake. Wanamtaka awaambie wazazi, aende kwa mwanasheria aandike tamko la kiapo, na amwandikie Robbie maelezo ya kila kitu. Briony anakubali yote.

Nafasi tatu za Briony zimegawanywa kwa waigizaji watatu: Saoirse Ronan akiwa mtoto, Romola Garai akiwa kijana na Vanessa Redgrave akiwa mzee. Keira Knightley ni Cecilia na James McAvoy ni Robbie. Ronan aliingia katika kinyang’anyiro cha tuzo za Oscar akiwa bado na miaka 13, umri uleule wa Briony. Filamu iliteuliwa mara saba na kushinda tuzo moja, ya muziki wa Dario Marianelli, ambaye aliingiza mlio wa taipureta ndani ya muziki wenyewe. Kwa wasikilizaji makini, mlio huo ni onyo: mtu fulani anaiandika hadithi hii.

Ukurasa wa mwisho

Ambaye hajaiona filamu na hataki kuharibiwa mwisho wake, aishie hapa.

Briony mzee, mwandishi maarufu ambaye ugonjwa umeanza kumla kumbukumbu, anahojiwa kwenye televisheni. Anakiri kwamba ile safari ya Balham hakuifanya. Aliogopa. Robbie alikufa kwa sumu ya jeraha karibu na Dunkirk, siku ambayo alikuwa aokolewe. Cecilia alikufa mwaka huohuo chini ya ardhi, katika kituo cha treni cha Balham. Kituo hicho ni cha kweli, na msiba huo pia: Oktoba 14, 1940 bomu lilipiga barabara iliyo juu yake na kupasua mabomba ya maji, likiwaua watu zaidi ya 60, wengi wao wakiwa wamekimbilia humo kujificha.

Kwa hiyo wapenzi hao hawakuonana tena. Kuonana kwao kulikuwa zawadi ya mwandishi. Briony anasema amewapa kitabuni furaha waliyoikosa duniani, na filamu inafungwa kwa picha yao wakiwa pamoja ufukweni, karibu na nyumba ndogo waliyokuwa wameipangia maisha.

Watazamaji hugawanyika hapo. Wapo wanaoona ni wema wa mwisho wa mtu aliyeteseka maisha yake yote. Wapo wanaosema ameongeza uongo juu ya uongo, na kwamba kwa mara ya pili ameandika maisha ya watu wawili bila idhini yao.

Lipo jambo la tatu, ambalo mtu wa biashara anaweza kuliona haraka. Deni la fedha halifi na mdai, huhamia kwa warithi. Robbie alikuwa na mrithi mmoja, mama yake, na kilichobaki kulipwa kilikuwa jina la mwanawe. Tamko la kiapo lisingemfufua mtu, lakini lingemwezesha Grace kupita mtaani kama mama wa kijana asiye na hatia. Baada ya ile asubuhi ya mwavuli, Grace anaonekana tena mara moja tu, katika njozi ya Robbie anayeumwa, akimwosha miguu. Briony aliandika vitabu zaidi ya 20. Hatuonyeshwi hata mara moja akienda kwa mwanamke huyo kumwambia kwamba alikuwa anasema kweli.