Ateri Ikikatika: Saa Sita za Kuokoa Mguu



Ajali za pikipiki, mapanga na risasi zinaweza kuumiza ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi viungoni. Kiungo kikikosa damu kabisa, baada ya saa sita hivi misuli mara nyingi huwa imeharibika kiasi cha kutopona. Kwa hiyo pamoja na kuuliza mfupa umevunjika wapi, tuulize pia: je, damu inafika?

Dalili
Damu hutoka kwa kuruka, uvimbe huzidi kukua, mguu huwa baridi, umepauka, una ganzi na hauna mapigo. Mgonjwa wa namna hii hupelekwa haraka kwenye upasuaji. Dalili zisipokuwa wazi, daktari hupima presha ya kifundo cha mguu kwa chombo kidogo cha Dopla na kuigawa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, uchunguzi zaidi unahitajika. Goti lililoteguka litiliwe shaka daima, kwani ateri iliyo nyuma yake huweza kuchanika huku ngozi ikiwa nzima.

Matibabu
Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ateri nyingi zilizoumia zilifungwa tu, na karibu nusu ya viungo hivyo vilikatwa. Katika Vita vya Korea (1950–1953) madaktari walianza kuzishona, na waliokatwa viungo wakapungua hadi 13 hivi kwa kila 100. Hata leo ncha mbili husafishwa na kuunganishwa. Pengo likiwa kubwa, huwekwa kipande cha vena kutoka mguu mzima, kikiwa kimegeuzwa ili vali zake zisizuie damu. Mgonjwa akichelewa, utando unaobana misuli hupasuliwa ili uvimbe usizibe tena mishipa.

Wajibu wetu
Kamati zifundishe vijana kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, na kutopaka udongo wala dawa yoyote. Damu isipozuilika, kiungo kifungwe kwa nguvu juu ya jeraha na saa iandikwe. Kila parokia iwe na mfuko wa usafiri wa dharura. Wafadhili, Dopla na nyuzi nyembamba za upasuaji ni msaada mkubwa kwa hospitali za vijijini.